Siku Mwenyekiti Alipombana Bibi Harusi

Mjinga wa siku ile alikuwa Mwenyekiti. Tuliseme mapema, maana amelikiri mwenyewe mbele ya mkewe, na mwanamume akishakiri mbele ya mkewe, mahakama nyingine zote anaziona za kitoto. Lakini asubuhi yenyewe hakujua kama ni mjinga. Alijiona jemadari.

Alikuwa mwenyekiti wa kituo cha teksi kilichopo mbele ya maghorofa ya wapangaji, pale barabara inapopinda kuelekea stesheni. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu kwenye usukani, na kumi na mmoja kwenye kiti cha uenyekiti, ambacho kwa kweli kilikuwa kreti la soda lililowekewa mto. Asubuhi ile alisimama juu ya kreti hilo, mikono ya shati ameikunja mpaka viwikoni, anawahutubia madereva sita. Kila sentensi aliimalizia kwa kupiga ngumi kwenye kiganja.

"Tumevumilia miezi minane! Inatosha! Leo bibi harusi hapiti!"

Bibi harusi ndiye adui. Lilikuwa jina walilolipa lile gari linalojiendesha, jeupe pe, lenye kidude kinachozunguka juu ya paa kama pambo la kichwani. Linakwenda polepole, halitukani mtu, halipigi honi, macho mbele tu. Siku lilipopita mara ya kwanza, dereva mmoja aliyeitwa Mluzi, kwa sababu hajawahi kuufunga mdomo wake bila kupiga mluzi, alisema, "Jamani pisheni, bibi harusi anakwenda kwa mumewe," na kituo kizima kikacheka mpaka machozi. Wakati huo lilikuwa moja. Sasa yalikuwa arobaini, na aliyekuwa bado anacheka labda ni yule mwenye nayo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona sura.

Kilichompandisha Mwenyekiti mori zaidi ni habari ya Tai. Tai alikuwa dereva mwenzao, mtu mzima, aliyeendesha miaka thelathini bila kumkwaruza hata kuku, na siku zote amevaa tai, jua liwake lisiwake. Abiria wakamwishia. Mwezi uliopita akarudisha beji yake kituoni, akawaaga. Juzi Mwenyekiti alipita nje ya yadi ya ile kampuni, akachungulia kwenye uzio wa waya, akamwona Tai ndani ya ovaroli la bluu lenye namba kumi na saba mgongoni, anampangusa bibi harusi kamera kwa kitambaa laini. Shingoni hakuwa na kitu. Tai naye alimwona, akageuka upesi kama mtu aliyeitwa, na hakuna aliyemwita.

Tangu siku hiyo Mwenyekiti hakuzungumza habari nyingine.

"Thelathini!" alifoka juu ya kreti. "Miaka thelathini, halafu wanampa kitambaa! Na mimi nikikugonga, unanijua, unakuja unanikunja shati. Lile likikugonga unamkunja nani? Unakunja paa?"

"Sema, Mwenyekiti!"

"Nasema! Leo tunambana!"

Kumbana bibi harusi kulikuwa rahisi, na hapo ndipo Mwenyekiti alipojiona mjuzi. Gari lile lina adabu kupita kiasi. Likiwekewa teksi mbele na teksi nyuma mahali pembamba, halisukumi wala halipandi ukingo wa barabara. Linasimama na kungoja, hata mwaka.

Sasa, kuna jambo ambalo halikutajwa pale mkutanoni, nasi tukilinyamazia tutakuwa tumekula njama na madereva. Kituo kile kilikuwa na utaratibu wa foleni. Gari la mbele ndilo linalopakia, na likishapakia, dereva akirudi anaanza upya mkiani. Kwa hiyo ukiwa mbele, saa za asubuhi, unamwomba Mungu akuletee mtu mwenye sanduku anayekwenda uwanja wa ndege. Akija wa karibu, wa dakika tano au saba, umeliwa. Umepoteza foleni kwa safari ya kwenda kununua mkate. Ndipo ikabuniwa dawa iliyoitwa kufa. Akionekana abiria wa karibu, wa mbele ananong'ona "Kufa!", basi kituo kizima kinakufa. Viti vinalazwa, kofia zinafunika nyuso, midomo inaachwa wazi. Abiria anagonga kioo, maiti hajibu. Anaondoka na hasira zake kwa miguu. Likitokea sanduku, wote wanafufuka.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa fundi wa kufa. Alikuwa anajua hadi kukoroma kwa kiasi.

Basi huyu bwana alikuwa na dada, mkubwa wake kwa miaka sita, asiyeona tangu utotoni. Mwenyekiti aliishi ghorofa ya tatu, Dada aliishi chini, chumba na sebule, katika jengo lilelile linalotazamana na kituo. Dada alikuwa mpokea simu wa ofisi ya maji kwa miaka kumi na tisa. Watu wote ambao bomba lao limekauka, kabla hawajamfikia mtu wa kulifungua, hulazimika kwanza kupita kwenye sikio lake, na hawapiti kimyakimya. Alikuwa ameshatukanwa kwa kila mtindo, akajifunza kujibu kwa sauti ya upole inayokata kama wembe.

Ofisi yake ilikuwa mwendo wa dakika saba kwa gari. Umeshaelewa: Dada alikuwa abiria wa karibu.

Waliahidiana kwamba mdogo mtu ndiye atakayempeleka kila asubuhi. Na kweli alimpeleka, siku alizokuwa mkiani. Siku alizokuwa mbele ilikuwa, "Dakika tano, Dada, nakuja," halafu linatokea sanduku, na zile dakika tano zinakwenda uwanja wa ndege na kurudi. Dada akapata barua ya onyo, kisha ya pili. Baadaye akaacha kumwomba. "Nimepata wa kunichukua," alisema. Mwenyekiti alishusha pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo, wala hakuuliza ni nani.

Alhamisi, jioni ya kuamkia siku ile ya ujinga, mkewe alimwambia wakiwa mezani, "Dada kapewa barua ya tatu. Akichelewa tena hata dakika moja baada ya saa moja na nusu, asirudi."

"Mm," alijibu Mwenyekiti, jicho kwenye simu, anapanga vita.

*

Walimngojea bibi harusi kwenye barabara ya duka la vioo. Upande mmoja kuna ukuta, upande wa pili malori yanashusha mizigo, katikati inabaki njia ya gari moja na nusu. Saa moja na dakika nane likatokea, limetoka upande wa maghorofa, limepakia. Vioo vyake vyeusi havikuonyesha mtu. Mwenyekiti alikisia ni yule mhasibu wa ghorofa ya tano, ambaye siku hizi alikuwa hamsalimii, akafurahi zaidi. Akachomoka mbele yake, akapiga breki, akazima gari. Mluzi akaziba nyuma. Bibi harusi akasimama katikati, ametulia kama maji ya mtungi.

Madereva wengine wakaja mbio, simu juu, wanarekodi.

"Tafadhali ondoa kizuizi," lilisema gari kwa sauti ya kike, laini, iliyonyooshwa. "Safari itaendelea baada ya muda mfupi."

"Haiendelei!" Mwenyekiti alipiga kiganja kwenye boneti. "Na wewe uliyejificha humo ndani! Ndiyo, wewe! Huna haya? Jirani zako wanalala njaa, wewe unapanda kopo! Toka tukuone! Msaliti mkubwa!"

Foleni ilianza kufunga nyuma ya Mluzi. Muuguzi mmoja aliyevaa sare, anakwenda kazini kwa miguu, alisimama akashika kiuno.

"Mpisheni huyo mtu! Hilo gari angalau haliniulizi kwanza kama nakwenda karibu au mbali."

"Mama, hujui kitu, nenda kawatibu wagonjwa."

"Nitakutibu wewe, mishipa ya shingo inataka kupasuka."

Watu wakacheka. Mwenye duka la vioo, aliyekuwa anatazama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, alimtetea Mwenyekiti bila kuombwa. "Msilisifie sana hilo. Wiki iliyopita mmoja wao kakwama getini kwangu, kisa mfuko wa plastiki unapeperuka barabarani. Saa tatu nzima! Lori langu ndani haliwezi kutoka. Nikapiga namba yao, naambiwa simu yangu ni muhimu sana kwao. Mpaka leo sijapata mtu mwenye mdomo."

"Mmesikia?" Mwenyekiti aligeukia simu zinazorekodi, kifua mbele. "Mmesikia wenyewe! Haya ni magari ya—"

Kioo cha nyuma kikashuka.

"Mdogo wangu," ilisema sauti ya upole, "umemaliza?"

Dada alikaa wima, mkoba magotini, fimbo yake nyeupe imekunjwa juu ya mkoba. Mwenyekiti alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Mluzi, kwa mara ya kwanza katika historia ya kituo, alinyamaza.

"Dada? Wewe?"

"Mimi. Msaliti mkubwa. Saa ngapi sasa hivi?"

Mwenyekiti alitazama saa kwa sababu aliulizwa. "Saa moja na dakika kumi na nne."

"Nina dakika kumi na sita. Ondoa gari."

Hapo, wasomaji, ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angeuchukua tungekuwa tumeshaagana. Lakini nyuma yake palikuwa na simu nne zilizonyooshwa, na ndani ya simu hizo palikuwa na kundi la madereva mia mbili wanaosubiri ushujaa. Akaona akisogea amekwisha.

"Shuka, nikupeleke mimi," alisema. "Nitakufikisha kwa dakika saba."

"Ningekuwa nakusubiri wewe, sasa hivi ningekuwa nimekaa kwenye kreti lako. Huyu kafika mlangoni saa moja na dakika tano, kanitaja jina, kafungua mlango, kaniambia kiti kiko wapi."

"Huyu? Unaliita huyu?"

"Si ninyi mmemwita bibi harusi? Mlitaka nimwite lile?"

Muuguzi alicheka kwa nguvu, na kicheko kile ndicho kilichommaliza Mwenyekiti. Hasira ambayo alikuwa ameipangia kampuni yote ikamgeukia mwanamke mmoja kwenye kiti cha nyuma.

"Siondoi!" alifoka. "Unajua Tai yuko wapi? Unajua? Anapangusa macho ya haya makopo! Mzee yule! Wamemvua tai! Kesho mimi, keshokutwa Mluzi, na wewe ndugu yangu wa tumbo moja ndiye unayewapa nauli!"

Sauti yake ilikatika kidogo kwenye neno la mwisho, na waliokuwa wanacheka waliacha. Maana alichosema kilikuwa kweli, na kila mtu pale alikuwa na Tai wake.

"Habari za Tai ninazo," alisema Dada, naye sasa upole umemtoka. "Alikuwa ananishika mkono mpaka ndani ya lifti ya ofisini. Zimeniuma kuliko unavyojua. Sasa nenda kambane aliyempa hicho kitambaa! Ofisi yao ina mlango, ina anwani. Mbona hujapeleka teksi zako kule?"

"Kule kuna walinzi."

"Ahaa. Mimi sina."

Mwenyekiti akaenda kusimama mbele ya gari lake, mikono kifuani, akiwapa watu mgongo. Alijiambia anafikiri. Alikuwa hafikiri, alikuwa anangoja mtu mwingine amwamulie ili lisiwe kosa lake.

Dakika zikapita. Honi za nyuma zikapamba moto. Dada alimwita mara mbili kwa jina lake la nyumbani, mara ya tatu hakuita. Saa moja na dakika ishirini na tano bibi harusi akasema, kwa sauti ileile laini, "Safari hii imesitishwa. Tafadhali shuka kwa usalama." Milango ikafunguka, taa zikazima. Alimaliza kazi yake, kakunja jamvi. Kama abiria anaona au haoni, kama pembeni kuna lori au mtaro, hilo halikumhusu.

"Umeona!" Mwenyekiti aliruka kwa furaha, ndiyo, kwa furaha. "Umeona limekutupa! Nilikwambia!"

Dada alishuka. Akafungua fimbo yake, pingili moja moja, akapapasa ukingo wa barabara. Mwenyekiti alimfungulia mlango wa teksi, akasema njoo, akamgusa bega. Dada aliutoa mkono ule begani kama mtu anavyotoa mdudu. Muuguzi akamshika kiwiko, wakaenda kwa miguu, haraka haraka, katikati ya malori na honi.

Saa moja na nusu iliwakuta kwenye mataa ya kwanza.

*

Saa kumi na moja jioni Mwenyekiti alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu akiwa ameshajitetea moyoni tangu mchana. Video ilikuwa imeenea. Nusu ya wenzake walimwita simba, nusu walimwuliza yule mama kipofu alikosa nini. Aliingia ndani amekunja uso, tayari kwa vita vyovyote.

Mkewe alikuwa anapiga pasi mashati kwenye meza ya chakula. Dada alikuwa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, viatu ameviweka pembeni, kisigino kimoja kimefungwa plasta.

"Wifi yangu hapa," alisema mkewe akiiambia pasi, si yeye, "amefika saa moja na dakika hamsini na mbili."

"Wamesemaje?" aliuliza Mwenyekiti.

"Wameniambia nikabidhi kiti," alijibu Dada. "Jumatatu simu zitapokelewa na sauti ya kurekodi. Walikuwa nayo tayari kwenye boksi, wanatafuta sababu tu. Nimewasikia wakiijaribu. Bonyeza moja kama huna maji."

Mwenyekiti alipiga meza, shati likaanguka. "Si ndiyo ninayosema! Si ndiyo! Mashine! Wamekutoa kwa mashine, Dada, kama Tai, kama sisi sote! Sasa umeonja! Halafu mimi ndiye mbaya!"

"Mashine haikunichelewesha."

"Ilikutupa njiani!"

"Ilinitupa, ndiyo. Nimewapigia, nimeongea na kinanda chao cha kungojea dakika ishirini, na siku nikimpata mtu nitamwambia yote niliyoambiwa miaka kumi na tisa na wasio na maji. Siipendi, mdogo wangu. Nani kakwambia naipenda? Inajua ninapokwenda, inajua narudi saa ngapi, na sijui inamsimulia nani. Naipanda kwa sababu inakuja."

"Na mimi siji?"

Mkewe alicheka puani, akaokota shati.

"Wewe nyamaza!" Mwenyekiti alimgeukia, kisha akamrudia dada yake, jasho linamtoka, anatafuta pa kushika. "Haya. Nimekosea asubuhi. Nimekosea! Nimesema mbele ya mke wangu, ameandika. Nilikuwa mjinga. Lakini mjinga ni mtu, Dada! Mimi nimezalisha mwanamke kwenye kiti cha nyuma, na mtoto yuko darasa la tano! Nimewapandisha wazee ngazi na mizigo yao! Tai alikushika mkono mpaka kwenye lifti, umesema mwenyewe! Lile kopo lina mkono? Ukizimia humo ndani, ukiumwa, ukipiga kelele, nani atakusikia? Utagonga kioo mpaka vidole vikuote sugu! Hakuna mtu mle ndani! Unanisikia? Hakuna mtu!"

Pasi ilisimama hewani. Dada aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Mwezi wa pili, ile asubuhi ya mvua kubwa, nilipita kwenye foleni yenu nikagonga kioo cha kila gari. La nne mkono wake wa mlango umelegea, naujua, nimeushika miaka kumi. Niligonga mara tatu, nikaita jina lako. Mle nako hamkuwa na mtu."